Kamba Ni Ile Ile

Vijana wengi hapa kambini wakifika kwenye sura ya hesabu inayosema "tafuta kima cha juu na kima cha chini", wanafunga daftari. Waliosoma mtaala wa nyumbani wameikuta kwa Kifaransa, waliosoma huku wameikuta kwa Kiingereza, na wote wanakuambia neno moja: hiyo ni hesabu ya watu wengine, watu waliokaa sehemu moja wakatulia.

Mimi si mwalimu wa hesabu. Nilimaliza sekondari, na sasa kazi yangu ni kukaa na vijana kituoni. Lakini historia ya hiyo sura nimeifuatilia, na nimekuta jambo ambalo vitabu vya shule havilisemi. Baadhi ya watu waliotengeneza hesabu hii walikuwa wamefukuzwa kwao, au walikuwa wajukuu wa waliofukuzwa. Siyo wote, na sitaki kudanganya. Lakini wapo wa kutosha kumfanya kijana afungue tena daftari lake.

Swali lenyewe ni rahisi kulisema. Una kitu chenye kikomo: kamba, mbao, pesa, muda. Ndani ya kikomo hicho, unapangaje ili upate kingi kuliko vyote, au upoteze kidogo kuliko vyote? Basi. Mengine yote ni njia ya kujibu.

Ngozi ya ng'ombe

Tuanze na hadithi ya zamani sana. Naiita hadithi kwa sababu ndivyo ilivyo: Wagiriki na Warumi waliisimulia karne nyingi baada ya tukio lenyewe, na mwaka unaotajwa kwa desturi ni 814 kabla ya Kristo.

Palikuwa na binti wa mfalme katika mji wa Tiro, ambao leo uko Lebanoni. Jina lake Elisa, na Warumi walimwita Dido. Kaka yake, Pygmalion, ndiye alikuwa mfalme, naye alimuua mume wa Elisa kwa tamaa ya mali. Elisa akatoroka kwa meli na watu wake. Wakapita Kipro, wakafika pwani ya Afrika Kaskazini, mahali ambapo leo ni Tunisia. Akaomba ardhi kwa wenyeji. Makubaliano yakawa hivi: apewe ardhi inayoweza kufunikwa na ngozi moja ya ng'ombe. Elisa akaichana ile ngozi vipande vyembamba sana, akaviunganisha, akapata kamba ndefu ya kuzungushia kilima kizima. Kilima kikaitwa Byrsa, neno ambalo kwa Kigiriki ni ngozi. Mji uliojengwa pale ni Carthage.

Wanahesabu wameipenda hadithi hii, na swali lake wameliita kwa jina la Dido mpaka leo: ukiwa na kamba ya urefu fulani, uzungushe umbo gani ili upate eneo kubwa kuliko yote?

Tuseme kamba ya Elisa ilikuwa mita 1,000. Akizungusha mraba, kila upande unakuwa mita 250, na eneo ni mita za mraba 62,500. Akizungusha mduara, anapata karibu 79,600. Na kama ufuko umenyooka, bahari anaitumia kama ukuta: kamba anaipinda nusu duara, ncha zote mbili zinagusa maji, na eneo linaruka mpaka karibu 159,200. Kamba ni ile ile. Hakuna aliyemwongezea hata mita moja.

Kwamba mduara ndio unaoshinda, Mgiriki Zenodorus alishaliandikia karibu miaka 200 kabla ya Kristo. Lakini kulithibitisha kabisa kulichukua muda mrefu mno. Mmoja wa waliolishughulikia alikuwa Jakob Steiner, mtoto wa mkulima wa Uswisi, ambaye hakujua kuandika mpaka alipofika miaka 14. Nalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaoona aibu kukaa darasa moja na watoto wadogo kwa sababu vita viliwachelewesha. Mwaka 1838 Steiner alionyesha kwamba umbo lolote lisilo mduara unaweza kulirekebisha likapata eneo zaidi kwa kamba ile ile. Wenzake wakamjibu: sawa, umeonyesha kwamba kama kikubwa kabisa kipo, basi ni mduara, lakini hujaonyesha kwamba kipo. Baadaye Mjerumani Karl Weierstrass ndiye aliyeziba pengo hilo.

Sasa, kuna nusu ya hadithi ya Elisa ambayo watu wa hesabu wanairuka. Katika simulizi moja ya Kirumi, wale wageni walikuwa wakilipa kodi ya ardhi kila mwaka. Halafu mji ulipostawi, mfalme wa wenyeji, Iarbas, akamtaka Elisa awe mke wake, la sivyo ni vita. Elisa akajiua. Sisi tunaoishi juu ya ardhi ya majirani tunaielewa nusu hiyo bila kufafanuliwa. Hesabu ilimpa Elisa eneo kubwa. Haikumwambia jirani atajisikiaje akiamka asubuhi na kukuta kilima kizima kimezungushiwa kamba.

Fimbo ya muuza divai

Kutoka kwenye hadithi twende kwa mtu ambaye maandishi yake tunayo.

Johannes Kepler alikuwa mwalimu wa hesabu mjini Graz, Austria. Alikuwa Mlutheri, na mtawala wa eneo lile alitaka watu wote wawe Wakatoliki. Mwaka 1598 walimu wa Kilutheri walifukuzwa, Kepler akaruhusiwa kurudi. Mwaka 1600 mambo yakabana zaidi: badili dini au ondoka. Akakataa kubadili, akaondoka na familia yake, wakaenda Prague. Mwaka 1611 mke wake akafariki. Mwaka 1612 akahama tena, akaenda Linz, kwenye Mto Danube.

Mwaka 1613 akaoa tena, mke anaitwa Susanna. Zabibu zilikuwa zimezaa sana mwaka ule, na mapipa ya divai yalijaa kando ya mto kwa bei nafuu. Kepler, kama baba yeyote mwenye nyumba, akanunua mapipa kadhaa. Siku chache baadaye muuzaji akaja kupima, na mkononi ana fimbo moja tu. Anaiingiza kwenye tundu lililo katikati ya ubavu wa pipa, anaisukuma kwa mshazari mpaka igonge ukingo wa mbali, anasoma alama, anataja bei. Mapipa yenye maumbo tofauti, fimbo ile ile.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama foleni ya mgao anajua Kepler alijisikiaje. Unaangalia kopo, unaangalia mkono wa anayepima, na kichwani una swali moja: hiki kipimo kinasema kweli?

Tulifanye hilo kwa namba. Ili iwe rahisi, tuchukulie pipa ni la kunyooka kama dumu la mafuta, halina tumbo, na fimbo inasoma sentimita 100 kila mara. Pipa la kwanza ni jembamba na refu: kipenyo sentimita 60, urefu 160. Linaingiza karibu lita 452. La pili kipenyo 80, urefu 120. Linaingiza karibu lita 603. La tatu ni nene na fupi: kipenyo 96, urefu 56. Hilo lita 405 tu. Fimbo inasema mapipa haya matatu ni sawa, na bei yake ni moja. Mnunuzi wa pipa la tatu ameibiwa karibu lita 200, tena bila mtu yeyote kusema uongo!

Kepler akakaa chini na hesabu. Akajiuliza: kwa fimbo ya urefu mmoja, pipa la umbo gani linaingiza kingi kuliko yote? Jibu kwa pipa la kunyooka ni kwamba urefu uwe karibu mara 1.41 ya kipenyo. Halafu akaangalia mapipa ya Austria. Mafundi wa pale walikuwa na kanuni yao ya zamani: urefu wa mbao za pipa uwe mara tatu ya nusu kipenyo, yaani mara 1.5 ya kipenyo. Ndiyo lile pipa letu la pili. Linaingiza lita 603, na lile bora kabisa linaingiza karibu 605. Mafundi wasiojua hesabu ya vitabu walikuwa wamefika karibu kabisa na kilele kwa mazoea na jicho.

Kitabu cha Kepler juu ya mapipa kilichapishwa Linz mwaka 1615. Ndani yake aliandika jambo ambalo ndilo moyo wa sura yote: ukiwa karibu na kilele, mabadiliko yanakuwa madogo mno hata hayaonekani. Fundi akikosea kidogo pale juu, mnunuzi hapotezi kitu cha maana. Akikosea kule mbali na kilele, kosa la ukubwa ule ule linaumiza. Kwa hiyo ile fimbo ilikuwa ya haki, lakini kwa mapipa ya umbo lile tu. Ukiipeleka mahali ambapo mapipa ni ya umbo lingine, inageuka kuwa wizi.

Kepler hakutulia Linz pia. Mwaka 1626, katikati ya vita na uasi wa wakulima, aliondoka na familia yake. Alifariki Regensburg mwaka 1630, na makaburi alimozikwa yaliharibiwa vitani. Leo kaburi lake halijulikani.

Mwanasheria na bustani

Kepler aliona kwamba kileleni mabadiliko yanatoweka. Aliyegeuza jambo hilo kuwa njia ya kufanyia kazi ni Pierre de Fermat. Huyu hakuwa mkimbizi. Alikuwa mtu wa mahakama mjini Toulouse, Ufaransa, mwenye mshahara wake, na hesabu aliifanya muda wa ziada na kuituma kwa barua. Njia yake ilianza kuzunguka mikononi mwa wasomi wa Paris mnamo 1637 na 1638. René Descartes aliishambulia vikali. Baadaye ilibidi akubali kwamba inafanya kazi.

Nitaieleza kwa bustani, maana hapa bustani ndiyo tunayoijua. Tuseme kikundi kimepata uzio wa mita 20, na upande mmoja wataegemeza kwenye ukuta. Wanataka mstatili, kwa hiyo uzio unafunga pande tatu. Upana wa bustani ukiwa mita 3, zinabaki 14 za urefu, eneo ni 42. Upana 4, urefu 12, eneo 48. Upana 5, urefu 10, eneo 50. Upana 6, urefu 8, eneo linarudi 48. Upana 7, urefu 6, ni 42 tena.

Unaona alichokiona Kepler? Kutoka 3 kwenda 4 tumepata 6. Kutoka 4 kwenda 5 tumepata 2 tu. Na ukipima 4.9 badala ya 5, eneo ni 49.98. Umepoteza sehemu ndogo sana.

Fermat hakutaka kujaza jedwali siku nzima. Alifanya hivi. Upana uite x. Eneo ni 20x ukitoa 2x². Sasa sogeza upana kidogo sana, uite x na e. Piga eneo jipya, toa eneo la zamani, angalia kilichobaki: 20e, ukitoa 4xe, ukitoa 2e². Gawanya vyote kwa e. Inabaki 20 ukitoa 4x ukitoa 2e. Kileleni, hatua ndogo haibadilishi kitu, basi hiyo iwe sifuri, na kale ka-e kaliko baki kasahau, kwa sababu ni kadogo mno. 20 ni sawa na 4x. x ni 5. Mita 5 kwa 10, bila jedwali.

Hicho ndicho wenzetu wa Kifaransa wanakiita derive na wa Kiingereza wanakiita deriveti. Ni mteremko wa mlima mahali uliposimama. Ukipanda, una mteremko. Ukishuka, una mteremko. Juu kabisa, kwa dakika moja, mguu uko sawa.

Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza: mguu unakuwa sawa bondeni pia. Mteremko ukiwa sifuri, unaweza kuwa umefika juu kabisa au chini kabisa, kwa hiyo lazima uangalie pande zote mbili. Wa pili ndio unaowaangusha watu kwenye mtihani: kuna wakati jibu haliko katikati hata kidogo, liko pembezoni. Bustani yetu ni ndogo kabisa upana ukiwa 0 au ukiwa 10, na pale mteremko si sifuri. Anayetafuta penye mteremko sifuri tu hatapaona. Pembezoni lazima mtu aende kuangalia mwenyewe.

Wajukuu wa waliokimbia

Mwaka 1684 Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alichapisha makala fupi ya kurasa sita katika jarida la Leipzig. Ndiyo makala ya kwanza ya kalkulasi kuchapishwa duniani. Isaac Newton wa Uingereza alikuwa na njia yake tangu miaka ya 1660, ila alikuwa hajaichapisha. Ukisoma kichwa cha makala ya Leibniz, maneno yanayoanza ni haya: njia mpya ya vima vya juu na vya chini. Kwa hiyo ile sura wanayofungia daftari ndiyo mlango ambao kalkulasi yote iliingilia hadharani.

Makala ilikuwa ngumu kweli. Waliokaa nayo mpaka ikafunguka ni ndugu wawili wa Basel, Uswisi: Jakob na Johann Bernoulli. Ukoo wao haukuwa wa Uswisi. Asili yao ni Antwerp, mji ambao leo uko Ubelgiji. Wazee wao walikimbia kwa sababu ya dini wakati watawala wa Kihispania walipowatesa Waprotestanti, wakaenda Frankfurt, na mwanzoni mwa miaka ya 1620 babu yao akahamia Basel, akafanya biashara ya viungo. Kutoka ukoo ule Ulaya ilipata wanahesabu kwa vizazi vitatu.

Mwaka 1696 Johann aliwatupia wanahesabu wa Ulaya swali: kitu kikiteleza kutoka juu kwenda chini upande, kipite njia ya umbo gani ili kifike kwa muda mfupi kuliko zote? Siyo mstari ulionyooka, ingawa huo ndio mfupi. Jibu ni mkunjo unaoanza kwa kushuka kwa kasi. Newton alijibu, Leibniz alijibu, na Jakob naye alijibu, maana hao ndugu walikuwa wakishindana mpaka kugombana.

Mwaka huo huo kilitoka Paris kitabu cha kwanza cha kufundishia kalkulasi. Jalada halikuwa na jina la mwandishi, ila watu walijua ni cha tajiri mmoja, Marquis de l'Hôpital. Mengi yaliyomo yalikuwa masomo ya Johann, ambaye tajiri alikuwa akimlipa mshahara wa mwaka kwa masharti kwamba ugunduzi wake asiwape wengine. Mjukuu wa wakimbizi alipata pesa, mwenye pesa akapata sifa. Ukweli ulijulikana kabisa karne zilizofuata, barua na daftari zilipoonekana.

Na hapa

Sisemi kwamba kukimbia kunamfanya mtu awe na akili ya hesabu. Wengi walikimbia pamoja na Kepler na hatujui majina yao. Ninachosema ni kwamba hesabu hii haijawahi kuwa ya watu wasiobanwa. Pasipo na kikomo, swali lenyewe halipo. Anayeweza kuongeza uzio kila akitaka hana haja ya kujua umbo gani ni bora.

Ila kuna jambo la kuangalia, hasa kwa sisi. Hesabu inakuuliza umbo. Haikuulizi ni nani aliyekata kamba ikawa fupi hivyo. Kijana anayepanga vizuri mita 20 hajakubali kwamba mita 20 zinatosha, na asije mtu akamwambia, "si mmeweza kuishi nazo?" Maswali ni mawili na yote yana haki ya kuulizwa: tupange vipi hiki tulichonacho, na kwa nini ni hiki tu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, nina ombi dogo lisilo na gharama. Mkileta uzio, mabati au mabomba, waambieni vijana idadi ya mita kabla mchoro haujafungwa. Waacheni wachore. Mstatili wa mita 20 ukisimama peke yake uwanjani unapata eneo la 25 tu, mita 5 kwa 5. Ukiegemezwa ukutani unapata 50. Tofauti hiyo ni mchicha na lengalenga za familia kadhaa, na imetokana na mtu kuuliza tu ukuta uko wapi.

Na kwa vijana, kazi ni hii. Uzio ule ule wa mita 20, ukuta ule ule, lakini msiweke mstatili. Upindeni nusu duara kama Elisa alipotazama bahari. Chukueni kamba, nendeni uwanjani, pimeni, pigeni eneo. Mkipata zaidi ya 63, mko sawa. Halafu mniambie kama mkulima mwenye akili angeichagua hiyo nusu duara, au angebaki na mstatili wake wa 50 wenye matuta yaliyonyooka. Hilo swali la pili nalo lina kima chake cha juu, na hamtalikuta kwenye kitabu.